Msomaji wa Nne

"Kalia mikono."

Neno hilo nimelisikia kwa Mwalimu mara nyingi kuliko salamu. Ukikaa karibu naye kwenye kompyuta ukaanza kunyoosha kidole, yeye bila kugeuza shingo anakwambia, "Tajiri, kalia mikono." Maana yake uiingize mikono chini ya mapaja, uikalie kama kuku anavyokalia mayai, mpaka yeye amalize kazi yake.

Sasa mimi, mikono hii ndiyo iliyonifikisha hapa. Niliondoka Rutamba na jembe na shati moja, darasa la nne sikulimaliza, na leo ukishuka stendi ya Kilwa Masoko ukaulizia duka la vigae vya kijani, hata mbuzi atakupeleka. Nina saruji, nina mabati, nina steshenari, na nyuma ya steshenari nina intaneti kafe ya kompyuta sita. Ni ya kwanza mjini. Anayebisha aje na ushahidi. Mtu kama mimi akiambiwa aikalie mikono yake, tena na mtu asiyemwona, amwelewe vipi?

Sikumwelewa. Matapeli wa mbao nimewaelewa, mafundi wa "kesho, bosi" nimewaelewa, hata mke wangu siku nyingine namwelewa. Mwalimu nimekaa naye zaidi ya miaka kumi, na kila nikimfikiria nakuwa kama mtu aliyeingia stoo akasahau alichokifuata. Haya nayaandika mwenyewe, kwa vidole viwili, na nikimaliza kila mstari kuna mtu ananisomea. Huyo mtu nitamtaja mbele, naye kwa kweli si mtu.

Mwalimu alikuwa anafundisha darasa la sita, Kiswahili na hisabati. Macho yalimwacha akiwa tayari kazini, na mwenyewe alikuwa akisema, "Macho yamestaafu, mimi bado nina vipindi." Ubaoni mistari yake ilinyooka kuliko ya walimu wenye macho, kwa sababu alifunga uzi kutoka msumari hadi msumari, akaufuata kwa kidole. Mtoto akimeza herufi moja katika kusoma, anarudia mstari mzima. Akiimeza tena, anarudia ukurasa.

Mkononi alivaa saa. Si ile ya kusema wala ya kupapasa. Saa ya kawaida, ya mishale, yenye kioo. Nikamuuliza, ya nini?

"Watu wananiuliza saa ngapi, Tajiri. Nawanyooshea mkono, wanajisomea."

"Na wewe ukitaka kujua?"

"Namuuliza mwenye saa."

Tulicheka pale wote. Nilipofika nyumbani nikaona sijaelewa nilichokicheka.

Kushikwa mkono avushwe barabara hakutaka kabisa. Ukimshika anasimama katikati ya lami mpaka umwachie, na bodaboda ziwapigie honi nyote wawili. Lakini kwenye pilau la maulidi alikaa akasubiri kutiliwa nyama, tena akikosoa alichotiliwa. Mimi nikamwambia, Mwalimu, wewe hueleweki, huku hutaki msaada na huku unataka. Akasema, "Kutiliwa nyama ni heshima. Kushikwa mkono ni kuulizwa kama nipo."

Siku ya kwanza alipoingia kafe, mimi nilikuwa upande wa saruji. Aliyempokea ni Zuhura, dada anayesimamia kompyuta zangu, mwenye cheti cha mambo hayo.

"Nipe mashine ya pembeni," akamwambia. "Na kioo zima."

"Nizime kompyuta, Mwalimu?"

"Kompyuta iwashe. Kioo ndicho uzime. Umeme wa bosi wako unawaka bure, hakuna anayetazama."

Mimi nikaingia nikamkuta mtu amevaa hedifoni, anabonyeza kibodi kwa kasi kama mvua ya masika, na mbele yake kioo cheusi tii. Nikadhani fyuzi. Nikapiga kelele, "Mwalimu acha, kompyuta imekufa!"

Akavua hedifoni sikio moja. "Haijafa. Imefumba macho tu."

Wateja wakaangua kicheko, mimi nikacheka kwa sababu duka ni langu.

Ndipo nikajua kwamba ndani ya kompyuta panaweza kukaa msomaji. Ni programu, kazi yake ni kusoma kwa sauti kila kilichopo kwenye skrini, na mtu asiyeona huiamuru kwa vitufe vya kibodi. Mausi haigusi. Mwalimu alinieleza hivi: "Nyie mnauona ukurasa wa intaneti kama mtu aliyesimama kilimani anavyouona mji. Mimi naupita kwa miguu, uchochoro kwa uchochoro." Akibonyeza herufi H, msomaji anaruka kutoka kichwa cha habari kimoja hadi kingine. Akibonyeza nyingine, anatafuta vitufe. Nyingine, visanduku vya kujaza. Aliyetengeneza tovuti vizuri ameweka vibao vya mitaa. Aliyetengeneza ovyo amejenga kama soko lililoungua likajengwa upya kwa haraka, unatafuta mlango unakuta ukuta.

Na wasomaji wako wengi, si mmoja. Mwalimu alikuwa na watatu wa kuchagua, na akawachagua kwa namna ambayo sijaiona popote. Miaka mingi mwezi wa Ramadhani alikaa miongoni mwa majaji wa mashindano ya watoto ya kusoma Qur'ani kule Kivinje, kwa sababu sikio lake halipitwi na kitu. Basi na hawa akawaweka mashindanoni. Anafungua ukurasa uleule wa habari, anamwita msomaji wa kwanza ausome, tasbihi iko gotini. Akikosa, Mwalimu anasogeza punje moja. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Wiki nzima. Zuhura aliniambia, "Bosi, ananifanya niogope hata kuwasha redio."

Aliwapa majina. Yule anayekuja ndani ya kompyuta ukiinunua alimwita Mgeni, kwa sababu, alisema, ndani ya nyumba ni mstaarabu lakini ukimtoa barabarani anapotea. Wa pili ni wa kununua, tena kwa bei inayokutoa jasho, na sauti yake ni ya kike, laini, inapumua kabisa. Huyo ni Bibi Harusi. Wa tatu ni wa bure. Mwalimu alisema walioanza kumtengeneza ni watu wasioona, wakamtoa kama sadaka. Sauti yake, Mungu nisamehe, ni kama mtu anakokota ndoo ya bati juu ya zege. Huyo ni Bati.

Mimi kitu cha bure nakiogopa. Hata kalenda ya bure huwa naigeuza nyuma nione wananitaka nini. Na masikio ninayo. Nikasema hapa hakuna shindano, mshindi ni Bibi Harusi.

Mwalimu akamchagua Bati.

"Mwalimu! Wewe unayemrudisha mtoto ukurasa mzima kwa herufi moja?"

"Sikiliza mwenyewe." Akachomoa hedifoni, sauti ikatoka nje. Akamwita Bibi Harusi asome habari ya Kiswahili. Akaisoma kama mtalii anayeomba maji, kila neno limekunjwa pua. Hayo akamsamehe, akasogeza punje chache. Kisha wakafika kwenye picha ambayo aliyeiweka hakuandika chini yake ni ya nini. Bibi Harusi akasema kitu kwa Kiingereza, kwa utamu mkubwa. Zuhura akatafsiri: anasema huenda ni wanaume wawili wamesimama karibu na gari.

"Ni nini hasa?" Mwalimu akauliza.

Zuhura akainama akatazama. "Ni mbuzi, Mwalimu. Mbuzi na toroli."

Akamwita Bati. Bati akakwaruza: "Picha. Haina maelezo."

"Umesikia?" Mwalimu akaniambia. "Huyu akikosa anasema amekosa. Yule akikosa anapamba. Sauti mbaya nitaizoea, Tajiri. Msomaji asiye na amana nitamzoeaje?"

Haya, nikakubali. Lakini alivyomtumia Bati ndivyo alivyozidi kunivuruga. Alimkimbiza. Yule mwalimu wa tamka-taratibu alimwongeza Bati kasi mpaka sauti ikawa kama mahindi yanayopasuka kwenye sufuria. Nilivaa hedifoni zake mara moja nikazivua haraka, kichwa kinauma.

"Unasikia nini humu?"

"Wewe ukipita barabarani ukaona bango, unalisoma herufi moja moja?"

Nikamrudishia hedifoni zake. Ukweli ni kwamba ndiyo, ninalisoma herufi moja moja, na mara nyingi nikifika mwisho wake mwanzo umeshanitoka. Ila mji mzima haukujua hilo. Risiti anaandika Zuhura, magazeti nanunua na kuyakunja kwapani, na mtu akiniletea barua nasema miwani nimeiacha nyumbani. Miwani sina.

Alinigundua hivi. Siku moja palitoka tangazo la walimu kwenye tovuti, na aliyeliweka alifanya kama wanavyofanya wengi: aliipiga picha karatasi yenyewe, na muhuri wake, akaibandika pale. Bati akaja mpaka mlangoni akasema, "Picha. Haina maelezo," basi. Zuhura alikuwa ameenda kuswali adhuhuri. Mwalimu akaniita.

"Tajiri, washa kioo unisomee."

Nikawasha. Nikaona mistari mingi, muhuri, na neno "walimu" nikalitambua. Mtu mzima, duka limejaa wateja, nifanyeje? Nikakohoa, nikasema kwa sauti ya kutosha: "Wanasema walimu wote mnahitajika semina. Lindi mjini. Jumatatu."

Jumatatu alfajiri alipanda basi hadi Lindi. Akazunguka huko ofisi moja baada ya nyingine akiulizia semina isiyokuwepo. Jumanne alikuja kafe, akakaa, akamsubiri Zuhura aende uani, ndipo akaniinamia.

"Tajiri. Herufi unazijua?"

"Nazijua," nikasema. "Ila zenyewe hazinijui."

Nilingoja acheke au akasirike. Hakufanya hata moja. Aliitoa tasbihi mfukoni akasogeza punje moja tu, kidogo hivi, akasema, "Basi sasa nina wasomaji wanne. Wa nne ana sauti nzuri kuliko wote. Ila naye akikosa anapamba."

Siri yangu hakuitoa. Tena akataka kunifundisha: nivae hedifoni, kioo kiwe kinawaka, Bati asome taratibu na mimi nifuate kwa macho. "Wewe una macho hayana msomaji, mimi nina msomaji hana macho," akasema, "tungekuwa mtu mmoja mzima." Nikakataa. Mwenye duka la vigae akae na hedifoni kama mtoto wa chekechea, watu wapite wamwone? Nikamjibu kwamba nitatafuta nafasi. Nafasi sikuitafuta.

Badala yake, kwa kuwa nilikuwa na jambo rohoni la ile safari ya Lindi, nikamnunulia Bibi Harusi. Halali, si wa kuiba. Niliagiza Dar, nikamwambia kila mtu barazani kwamba Mwalimu kuanzia leo ana sauti ya maana. Akaja, akapapasa boksi pande zote, akanirudishia.

"Nimeshukuru. Warudishie waliokuuzia."

Nilikasirika, boksi nikamwachia Zuhura. Samaki wangu alikuwa akila, ndizi zangu alikuwa akila. Haikupita wiki nikamkuta kwenye ile mashine ya pembeni ametulia, anatabasamu, na ndani ya hedifoni sauti ninayoijua.

"Mwalimu! Si Bibi Harusi huyo? Si ulimkataa?"

"Ananisomea hadithi za Kizungu," akasema. "Nilimkataa kazini. Sikusema simpendi."

Mtu wa namna hiyo unamshika wapi?

Nimezunguka sana. Nimezunguka kwa sababu sasa linakuja lile ambalo kila nikilianza naona vidole vinakwenda kwenye herufi nyingine.

Tangazo lile, lile la picha, halikuwa la semina. Zuhura alilisoma baadaye. Lilisema kila mwalimu ataingiza alama za wanafunzi wake kwenye tovuti mwenyewe, kwa jina lake, si kuandikiwa na mwenzake kama zamani; na mkaguzi atapita kuona. Shuleni intaneti ilikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo walimu wakaja kwangu, na mkaguzi akaja kwangu. Alikuwa mama mmoja mpole, mwenye daftari. Alimpa Mwalimu shikamoo kabla ya kukaa, kisha akamwambia mbele yetu, bila kuzunguka:

"Mwalimu, mimi sina neno nawe. Nataka kuona tu kwamba unaingiza alama kwa mkono wako, bila mtu. Ukiweza, darasa ni lako mpaka ustaafu. Usipoweza, itabidi wakutafutie kazi nyingine hapo shuleni."

"Naam," akasema Mwalimu. "Haki kabisa."

Alikuwa amejiandaa wiki mbili. Mgeni alimjaribu kwenye tovuti ile, akapotea. Bibi Harusi alimjaribu, akamjazia maneno. Bati akasimama mpaka mwisho, ila chini ya ukurasa kulikuwa na vitufe vitatu ambavyo aliyevitengeneza aliweka alama za rangi tu, hakuvipa majina. Bati alikuwa akisema, "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Mwalimu alimuuliza Zuhura mara moja, akakariri: cha kwanza ni kurudi, cha pili ni kufuta, cha tatu ni kuhifadhi. Tangu hapo alikuwa akihesabu.

Siku ile kioo kiliwashwa, ili mama mkaguzi aone. Walimu wawili wengine walikuwa kwenye mashine za jirani, kwa hiyo Mwalimu alivaa hedifoni, Bati asiwasumbue. Jina baada ya jina, alama baada ya alama, sisi tunatazama visanduku vikijaa. Hakukosea hata kimoja. Mama mkaguzi akaanza kutikisa kichwa kwa mshangao mzuri. Mimi nimesimama nyuma ya kiti, kifua mbele, maana ni kompyuta yangu.

Akafika mwisho. Vidole vikagonga mara chache. Kisha akaiweka mikono juu ya mapaja, akatulia.

Kimya.

Ukurasa haukubadilika. Tukangoja. Yeye kimya, uso hausemi kitu, na mimi sisikii anachosikia. Mama mkaguzi akatazama saa yake, kisha, kama anayeona aibu, akatazama saa ya Mwalimu. Mwalimu mmoja akakohoa. Nikasema hapa amekwama, amesahau hesabu yake, vitufe vimemchanganya, na darasa linampotea mbele ya macho yangu. Kitufe chenyewe nakiona, cha kijani, cha tatu, kiko pale! Huku kwetu mzee akikwama kwenye ngazi humuulizi kama anataka mkono. Mkono unatangulia, samahani inafuata. Nikapitisha mkono juu ya bega lake, nikashika mausi, nikabofya.

Papo hapo ukurasa ukageuka kijani. Zimehifadhiwa. Watu wakapiga makofi.

Mwalimu akavua hedifoni. "Nani kagusa?"

"Mimi, Mwalimu! Tumemaliza!"

"Nilikwisha bonyeza," akasema.

Mama mkaguzi alikuwa anaandika. Akasema kwa upole kabisa, "Mwalimu, tumeona wote."

"Mmeona nini?"

"Tumeona mkono."

"Basi nirudie tangu mwanzo. Sasa hivi."

"Nina shule nyingine Kivinje kabla ya adhuhuri. Si aibu, Mwalimu. Nimeandika kwamba unaweza, ukiwa na msaidizi."

Alipoondoka mimi nikaagiza soda za wote. Nilikuwa na furaha, sitadanganya. Mwalimu alizungusha waya wa hedifoni kwenye vidole vyake, taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, akasimama. "Tajiri," akasema, "umenisaidia sana." Nikajibu hakuna shida. Jioni ile barazani niliisimulia mara tatu, na kila mara mkono wangu ulizidi kuwa mwepesi.

Asubuhi yake Zuhura akaniita kwenye mashine. "Bosi, alama za darasa la sita zimeingia mara mbili."

"Kwa hiyo?"

"Mara ya kwanza zimeingia kabla hujagusa. Tazama saa hapa." Akaona sitazami, akanisomea. "Alikuwa ameshabonyeza. Alikuwa anasubiri mtandao tu, bosi. Kama tunavyosubiri sisi sote."

Nikamwambia nitakwenda wilayani nikaeleze. Niliazimia kweli. Nilivaa hadi shati la ofisini. Lakini mimi ofisi nazijua: ukienda kueleza jambo, wanakusikiliza, wanakuambia vizuri sana mzee, kisha wanakusogezea karatasi na kalamu. "Andika maelezo yako." Nikajiona nimekaa pale, kalamu mkononi, na karani ananitazama. Siku ile sikwenda. Lori la saruji likaja siku ya pili. Halafu ikawa wiki.

Mwalimu akatolewa darasani. Wakampa stoo ya vitabu, akawa anagawa vitabu kwa kuihesabu migongo. Kafe hakuacha kuja, na hilo ndilo linalonivuruga kuliko yote. Alikuja, akanisalimu, akala ndizi zangu, akasema "kalia mikono" kama zamani. Neno la siku ile hakulitaja hata mara moja. Ningejua amekasirika ningemwomba radhi. Ningejua hakukasirika ningelala. Baadaye akastaafu, akahamia Mchinga, na ile mashine ya pembeni ikabaki na Bati wake ndani.

Ijumaa moja mchana, duka limefungwa kwa sala na mimi nimerudi mapema, nilikaa kwenye kiti chake. Nikavaa hedifoni. Nikaacha kioo kiwake. Nikampunguza Bati mwendo mpaka akawa anakokota ndoo yake hatua moja moja, nami nikafuata kwa macho. Imechukua Ijumaa nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Huyo ndiye anayenisomea mistari hii, na nikiandika ovyo anasoma ovyo, hapambi.

Mwaka jana nilikuwa na safari ya Lindi kufuata mabati, nikamwambia dereva tusimame Mchinga. Sikuhitaji kuuliza nyumba. Nilimsikia Bati kabla sijafika uani.

"Hodi. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu, Tajiri wa vigae. Umenenepa, unahema."

Alikuwa amekaa mkekani, na mbele yake laptopu tatu kuukuu. Zote vioo vimevunjika. Kimoja hakipo kabisa. Alikuwa akizikusanya kutoka kwa watu. "Mnatupa kompyuta nzima kwa sababu ya kioo," akasema, "kama mtu anayetupa redio kwa sababu haina picha." Nikakumbuka zangu nne nilizompa muuza vyuma chakavu.

Nikaona nikikaa sitasema. Nikasema nimesimama.

"Mwalimu, ile siku ulikuwa umeshabonyeza."

"Najua."

"Zuhura alinionyesha."

"Lini?"

"Asubuhi yake."

Jogoo akapita kati yetu. "Kwa nini hukwenda kusema?"

"Wangenipa karatasi."

Alicheka kidogo puani, au alivuta pumzi, sikutambua. "Na herufi? Bado hazikujui?"

"Tunasalimiana. Bati ametukutanisha."

Basi akapiga mkeka kwa kiganja, nikae. Akanieleza alichokuwa akifanya. Palikuwa na kituo cha watu wazima waliopoteza macho ukubwani, wanatafuta mwalimu wa kuwafundisha kompyuta, na maombi ni kwenye tovuti, mwisho siku ileile saa kumi. Umri wake walishaukubali. Alichotaka ni darasa, hata la watu watano. Alikuwa amejaza kila kitu. Akanipa hedifoni sikio moja, yeye akabaki na lingine, waya umetufunga pamoja kama mbuzi wawili wa mnada.

"Kalia mikono."

Nikaikalia. Na kioo hakipo, kwa hiyo hata kama ningetaka kusaidia hapakuwa na mahali pa kunyoosha kidole. Bati alipita mbio; nikashika neno hapa, neno pale: jina, sanduku, kazi ya zamani. Kisha, "Kitufe." Akasimama.

Mwalimu akaondoa vidole kwenye kibodi. "Ndicho hiki," akasema. "Bonyeza wewe."

Nikamtazama. Uso wake ulikuwa uleule wa siku ile, hausemi kitu. Nikafikiri: ananisamehe, anataka mkono wangu urekebishe ulichoharibu. Nikafikiri tena: ananipima, kama mtoto aliyerudishwa mwanzo wa mstari, anangoja aone kama nitameza herufi ileile. Nilitaka kumuuliza ni lipi, nikajua hatajibu.

"Mwenyewe, Mwalimu," nikasema. "Mimi nimekalia mikono."

Hakusema vizuri, hakusema vibaya. Akabonyeza.

Kimya. Kimya kilekile, ila safari hii nilikuwa ndani yake. Kwenye sikio langu palikuwa na mvumo mdogo tu, kama wa ganda la konokono wa baharini ukiliweka sikioni, na nikaelewa kwamba mtu anaweza kukaa humo bila kukwama, akiwa anasubiri. Tukasubiri. Jogoo akarudi alikotoka. Mkono wangu wa kulia ulianza kuwasha kwa hamu, nikaukandamiza kwa uzito wangu wote, na mimi ni mzito.

Kisha Bati akakwaruza neno moja, haraka, nami nikalishika lote: "Imepokelewa."

Mwalimu akaichukua hedifoni yangu, akazungusha waya vidoleni, mzunguko baada ya mzunguko. "Saa ngapi?" akauliza.

Akaninyooshea mkono wenye saa. Nilitaka kuishika nisome, lakini mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi yote miwili, nikabaki nimeinama juu ya kile kioo kidogo, natafuta mshale.